Nani Amejaza Flashi?

Flashi ilikuwa imejaa tena, na arusi ilikuwa keshokutwa.

Fundi Mustafa aliichomoa nyuma ya mashine ya kuhifadhia kumbukumbu za familia, akaiinua ili familia nzima ione. Haikuzidi kucha ya kidole gumba. Humo ndimo yalimokaa maelekezo ya kuiwasha mashine, basi. Picha na sauti zote za familia zilikaa kwenye diski kubwa iliyofungwa ndani, nzito kama tofali. Flashi ikijaa, mashine haiwaki. Na mashine isipowaka, hakuna wa kumsikia Bibi Efrazia.

Bibi alirekodiwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, mwaka mmoja kabla hajafa. "Siku Lucia akiolewa," alisema, "mniweke na mimi niseme." Waalikwa wote walishaambiwa kwamba marehemu atatoa baraka, na wengine walikuwa wanakuja kwa ajili hiyo tu.

"Mara ya tatu tangu Pasaka!" alisema Mustafa. Alikuwa ametoka Muyinga alfajiri, na njaa ilikuwa inamuuma. "Mi nilisema nini? Hii kadogo iko kibanda ya mlinzi. Ukijaza kibanda na magunia ya maharage, mlinzi atakaa wapi? Nani atafungua lango? Alors, nani anajaza?"

Mwalimu Godfrey, mwenye nyumba, alimtazama binti yake. "Lucia na nyimbo zake za arusi."

"Baba! Nyimbo zangu ziko kwenye simu."

Basi akamgeukia mkewe, kwa furaha ya mtu aliyekuwa akiingoja zamu hiyo. "Kama si huyu, ni mtu wa mkoba."

Mkoba wenyewe ulikuwa nyuma ya mlango, palepale ulipowekwa siku waliyorejea kwao Mushasha kutoka kambini, miaka minne iliyopita. Ndani mlikuwa na blanketi, sufuria, chumvi na vitenge viwili. Melania, mkewe, hakuwa tayari kuufungua. Godfrey alikuwa amewasimulia wageni wote habari za mkoba huo, na alizisimulia vizuri, maana kila mara alipata kicheko.

"Vita vimekwisha, mama Lucia," alisema. "Unamkimbia nani sasa? Padri?"

"Mimi mashine yako naigusa kwa kitambaa cha vumbi tu," alijibu Melania. "Neno la siri mnalijua ninyi wawili, wewe na Lucia."

Mustafa aliichomeka flashi kwenye kompyuta yake ndogo, akakunja uso. Hapakuwa na wimbo hata mmoja. Palikuwa na hati ya shamba la Bukirasazi. Vyeti vya ubatizo. Video za nyumba, zilizopigwa kutoka pande zote nne. Mibuni, mmoja baada ya mwingine, kama wanafunzi wanaoitwa majina. Vyote vilikuwa nakala za vitu vilivyokwisha kuhifadhiwa kwenye diski kubwa. Na mwisho kabisa alikuwemo Bibi Efrazia.

Akabonyeza.

"Lucia, mjukuu wangu," ilisema sauti kavu ya bibi, "Mungu akupe..."

Sauti ikakatika. Lucia alijishika mdomo.

"Hapa nafasi iliisha," alisema Mustafa. "Hii iko kopi, imekatika. Ile nzima iko kwa diski kubwa. Kama iko."

Hilo "kama iko" halikumpendeza mtu. Picha zote za ujana wa Godfrey na Melania, hata za arusi yao, zilibaki nyuma siku walipokimbia, na hawakuziona tena. Ndiyo sababu Godfrey alinunua mashine hii. Sasa alisimama, akakaa, akasimama tena, huku Mustafa akifuta nakala moja baada ya nyingine. Flashi ikarudishwa mahali pake. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, ikafikiri. Lucia alikuwa ameanza kulia kimyakimya.

Taa ya kijani ikawaka.

"Lucia, mjukuu wangu, Mungu akupe watoto wenye afya, na mume asiyelala mchana."

Walicheka mpaka wakafuta machozi, na Lucia akaomba irudiwe, kisha irudiwe tena.

"Voilà," alisema Mustafa. "Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba yenu iko hii. Donc, mtu asitie kitu humu tena. Na musiichomoe!"

"Umesikia, mama Lucia?" alidakia Godfrey. "Tuko nyumbani. Arusi ikiisha, mkoba unafunguliwa na blanketi linapanda kitandani."

"Haya," alisema Melania, akaenda kupakua ndizi na maharage.

Mustafa alikula akashiba. Mgeni haachwi kuondoka peke yake, kwa hiyo Godfrey alimbebea begi la vifaa na kumsindikiza mpaka barabarani. Walizungumza habari za mvua na bei ya saruji. Walipolipita kanisa, Godfrey aligeuka nyuma. Melania alikuwa mlangoni akifagia, mbali, asingeweza kusikia.

"Mustafa," alinong'ona, "hakuna flashi kubwa kuliko ile? Ndani iwe na nafasi nyingi, lakini umbo liwe lilelile, iingie mfuko wa shati."

"Iko. Lakini ya nini, Mwalimu? Diski yenu haijafika hata nusu."

"Diski ni nzito," alisema Godfrey. "Siku ya kukimbia, mama Lucia atabeba mkoba. Mimi nitabeba nini?"