Jiwe Lililoliwa na Maji

Walipotoka kuitazama ngome kongwe, mtembeza wageni aliwavusha mto hadi kisiwani.

"Hapa hapajapata kukaa mtu," alisema.

Bi Mashavu, mmoja wa wageni hao, aliinamia jiwe lililobonyea katikati. Mama yake alisagia mtama hapo kila asubuhi, mpaka siku watu wote wa kisiwa walipohamishwa.

"Na hili?" aliuliza.

"Limeliwa na maji ya mto, bibi."

"Kitovu changu kimezikwa nyuma yake."

Mtembezaji alitabasamu kwa adabu, akatazama saa.

Nyasini palikuwa na kijiwe laini cha mkononi, mwenzake wa lile kubwa. Bi Mashavu akakiokota.

"Samahani, bibi. Kisiwani hatuchukui kitu."

Bi Mashavu alikilaza ndani ya lile bonyeo, kikatulia palepale kilipokuwa kikiachwa zamani, unga ukishatosha.