Mabakuli Yamerudi Matupu

Mabakuli ya supu yalirudi jikoni matupu, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu.

Tangu dada yangu, aliyekuwa mpishi wa mgahawa wetu, afariki, supu ilikuwa inadoda. Niliipika mimi, lakini haikuwa yake. Nikaiunganisha na wali na kuku kwa bei moja. Mgahawa ukajaa, faida ikapanda. Watu walimaliza kuku, supu wakaiacha ipoe mezani.

Leo mchana fundi cherehani wa jirani alilamba hadi ukingo wa bakuli.

"Mpishi mpya umemtoa wapi?" aliniuliza taratibu. "Huu ni mkono wa marehemu."

Sikuwa na mpishi mpya; supu niliipika mwenyewe asubuhi. Nilikwenda jikoni mbiombio.

Mama, ambaye hakuwa amekanyaga humo tangu msiba, alisimama mbele ya sufuria, amevaa aproni ya dada. Vidole vyake vilinukia ganda la limau bichi; kumbe ndiyo siri ambayo dada alizikwa nayo.

"Mama, nani kakufundisha?"

Hakunitazama. Alichota supu kwa upawa, akaipuliza, akaunyoosha upawa kwenye nafasi tupu iliyokuwa kati yetu.

"Subiri kwanza, mwanangu," alisema. "Mwenzako anaonja."