Mjuzi wa Tunis

Zoulikha alisimama katikati ya kichochoro cha mji mkongwe wa Tunis, na mumewe hakujua.

Mume aliendelea kutembea na kuhubiri, kidole juu, akiuelezea ukuta habari za wafalme wa zamani. Tangu wavuke mpaka jana kutoka kwao Annaba, kwa matembezi ya wikendi, alikuwa hajanyamaza. Kahawa ya hapa maji matupu, kuskusi ya hapa uji, na Tunis nzima yeye anaijua kama kiganja chake. Basi mbona duka hili la kofia nyekundu wanalipita mara ya tatu?

"Dada, huyo bwana anakuongoza au anakukimbia?" mwenye duka aliuliza, sindano mkononi.

"Anajua njia."

"Naona. Anaijua mpaka anairudia."

Zoulikha alicheka, akaona haya, akacheka tena. Alivua kiatu. Kisigino kilikuwa kimechunika, soksi imeganda kwa damu. Asubuhi alimwambia mumewe kinauma, akajibiwa kwamba wanawake wa siku hizi wanataka kubebwa.

Aliitazama ile shingo ikienda, nyekundu kwa jua, mikunjo yake miwili ya mafuta ikichezacheza kila mume aliposema, "Unaona?" Hakugeuka hata mara moja kutazama kama anayeulizwa yupo.

Shingo ikakata kona. Sauti ikafuata nyuma yake, ikafifia.

"Nimkimbilie nimwite?" mwenye duka aliuliza, akiinuka.

"Kaa tu, kaka yangu," Zoulikha alisema, akipangusa kisigino. "Nielekeze, teksi za kwenda mpakani zinapakia wapi?"