Yowe Ndani ya Biti

Wanaume walitokea kwenye mahindi na mikuki yao, na wote wakanitazama mimi.

"Ng'ombe wa nani wameibwa?" aliuliza wa mbele.

Mimi nilikuwa mpita njia tu hapo kijijini Gitting. Nilisimama kuomba maji, binti wa nyumba hiyo, Marieta, akaniamkia, akanipa kiti na kazi juu yake. "Babu, biti ya wimbo wangu ni moja ila apu za kuichanganyia kwenye simu ni mbili. Sikiliza, uniambie ipi nzuri."

Ndani ya biti alikuwa ametia yowe la mama yake, lile la kuita watu wezi wakija. Apu ya kwanza ililifanya jembamba kama mbu. Ya pili ilimtoa mama mwenyewe, mzima, analia.

"Hii ya pili," nikasema. "Hebu iweke kwenye spika, na ngoma uzitoe, nisikie sauti peke yake."

Alibonyeza, yowe likafika mpaka mashambani. Sasa alimwinulia simu yule wa mbele.

"Yowe limetoka kwenye simu, baba."

"Na huyu mzee naye katoka kwenye simu?"

Ncha ya mkuki ilikuwa imegusa kifungo cha koti langu.

"Haya, tusikie," alisema yule wa mbele.

Nyuma yao, mteremkoni, wengine walikuwa bado wanakimbia kuja. Hao wangesikia yowe la pili, simu wasingeiona.

Marieta alinigeukia.

"Babu, nibonyeze?"