Viungo Vilivyokosekana

Mkaguzi aliikataa nyama ya mbuzi. Aliikataa mara mbili, kwa adabu, bila hata kuvua glavu zake nyeusi, na hapo ndipo Mzee Abdulwahab, mwenye Hoteli ya Zabibu Tamu, alipoanza kuogopa.

Katika miaka kumi na mmoja ya kuendesha hoteli mjini Dodoma alikuwa amekaguliwa mara nyingi, na kila mara ukaguzi ulifanyikia mezani. Mkaguzi alikaa, alikula, alisifu, alisaini. Jiko lenyewe halikuhusika. Mtu anayekataa mbuzi, alijiambia Mzee, si wa kawaida. Huyu ametoka juu.

"Naitwa Nikodemo," alisema mgeni. "Nimekuja kukagua mfumo wa kuzima moto jikoni."

Kisha akatangulia kuelekea huko, na mwenye hoteli akamfuata. Mzee Abdulwahab hakuwa na desturi ya kuingia jikoni. Chakula kilimfikia, mapato yalimfikia; moshi haukuwahi kumfikia.

"Shikamoo, dada," mkaguzi alimwamkia mpishi mkuu.

"Marahaba," alijibu Evarista, bila kuinua macho kutoka kwenye vitunguu.

Mtu wa ofisi kumwamkia mpishi! Mzee aliuona unyenyekevu huo kuwa dalili nyingine ya cheo kikubwa.

Juu ya majiko ilining'inia kofia kubwa ya bati ya kuvutia moshi, na chini yake nozeli tatu zilizong'arishwa vizuri: moja ya jiko la pilau, moja ya jiko la mchuzi, moja ya kikaango cha chipsi. Mafuta yakishika moto, nozeli hizo hutakiwa kumwaga dawa, na gesi kujifunga yenyewe. Mkaguzi alilifuata bomba kwa macho. Lilipanda, likatoboa dari, na huko darini halikukutana na kitu chochote.

"Mtungi wa dawa uko wapi?"

"Uko njiani."

"Tangu lini?"

"Njia ni ndefu," alisema Mzee. Evarista alikohoa.

"Na kiungo?"

Mzee alifurahi kupata swali aliloliweza. Alinyoosha mkono kwenye rafu. "Vyote vipo, bwana mkaguzi. Iliki, mdalasini, bizari, pilipili manga. Hapa hatubahatishi."

"Kiungo cha chuma, mzee. Kile kinachoyeyuka joto likizidi, kikaufyatua mtungi. Kila jiko na chake."

Mzee alitafakari. "Hicho hatujawahi kukitia kwenye pilau."

Mkaguzi aliandika taratibu, kalamu ikimponyoka mara kwa mara. "Pamewahi kutokea ajali hapa?"

"Ndogo tu. Miaka miwili iliyopita mafuta ya kikaango yalimlipukia mpishi mmoja. Uzembe wake mwenyewe. Nilimwachisha kazi kwa simu, kistaarabu kabisa."

"Jina lake?"

Mzee alitazama dari. "Jina, jina… Evarista, yule wa chipsi alikuwa anaitwa nani vile?"

"Thobias." Kisu kilisimama juu ya kitunguu. "Wa Haneti. Na tangu siku ile, bosi, nimekuandikia barua nne kuhusu huo mtungi. Nina wapishi watano wanaosimama mbele ya mafuta hayo kila siku. Unasubiri wa pili aungue ndipo ujibu?"

"Zilipokelewa," alisema Mzee, kwa sauti ya mtu ambaye kwa hakika alizipokea.

Mkaguzi alifunga koki ya gesi, akaizungushia waya, akaipiga lakiri. Kisha akachana ukurasa na kuukabidhi. Taarifa haikuwa ndefu. Mtungi: hakuna. Machujio ya grisi: yameziba. Mpini mwekundu wa kuvutwa wakati wa dharura: umetundikwa aproni. Na mstari wa mwisho: *Viungo vilivyokosekana: vitatu.* Jiko lisiwashwe mpaka vyote viwepo.

Bunge lilikuwa linaanza baada ya siku tisa, na vyumba vyote vya hoteli vilikuwa vimeshachukuliwa. Hofu ilitimiza kwa siku tisa kile ambacho barua nne hazikukitimiza kwa miaka miwili. Wageni walipikiwa kwa mkaa uani. Fundi aliletwa kutoka Dar es Salaam, mtungi ukafungwa, machujio yakabadilishwa, aproni ikatafutiwa msumari wake. Viungo vitatu vya chuma, kila kimoja kidogo kuliko kidole, viliwekwa juu ya majiko matatu. Fundi alikichoma kimoja cha majaribio. Kikayeyuka, na vali mpya ya gesi ikajifunga yenyewe.

Evarista aliikata lakiri kwa kisu cha vitunguu, akawasha jiko. Mzee hakujiuliza alipata wapi mamlaka hayo.

Wiki iliyofuata alikuja mkaguzi mwingine. Huyu alikaa, akala paja zima, akasifu, akasaini.

"Jikoni hutaingia?" aliuliza Mzee, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na kitu cha kuonyesha.

"Kufanya nini?"

"Ni kweli, mwenzako Nikodemo alishalikagua lote."

Mkaguzi alinyonya mfupa mpaka mwisho, kisha akauweka sahanini kwa uangalifu.

"Ofisini kwetu," alisema, "hatujawahi kuwa na Nikodemo."

Jumapili ya wiki hiyo, baada ya ibada, Evarista aliandaa mbuzi nyumbani kwake. Alimletea mgeni wake beseni na birika la maji ya kunawa, naye mgeni akavua glavu zake nyeusi.

"Leo utakula, Thobias," alisema Evarista, akammiminia maji taratibu kwenye mkono wa kulia, juu ya vidole vyake viwili vilivyobaki.