Maswali ya Gatimu

"Na hii kitambaa nyekundu kwa swichi, fundi, ni ya nini?"

Gatimu aliuliza kwa adabu, kofia mkononi, kama alivyouliza kila kitu tangu aletwe kiwandani. Theuri alijifanya hajasikia, apate nafasi ya kutunga jibu.

Yeyote aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda kile cha kukoboa mpunga, huko Mwea, angeweza kumjibu. Chini ya sakafu kulikuwa na handaki, na ndani yake skrubu nene ya chuma iliyozunguka ikisukuma mpunga hadi kwenye mtambo. Ikikwama, mtu huteremka kuizibua kwa mikono, na aliye juu hamwoni. Ndiyo sababu kila fundi alikuwa na kitambaa chake chekundu. Alizima swichi iliyokuwa kwenye chumba cha mtambo, akakitundika hapo kabla ya kuteremka, na hakuna aliyekigusa wala kuwasha ila mwenyewe.

"Hiyo ni kuonyesha mashine imepumzika ya kutosha," Theuri alisema. "Ukiipata hapo, unatoa, unawasha, halafu unaikunja vizuri unaniletea."

Gatimu aliyarudia maneno hayo polepole, midomo ikicheza, mpaka akayashika.

Jumapili Theuri alikuwa mzee wa kanisa, na uongo ulimwasha ulimi. Lakini siku za kazi alikuwa baba. Mzungu aliyetunza mitambo alikuwa amerudi kwao baada ya Uhuru, na nafasi ya fundi msaidizi ilikuwa wazi. Meneja, Bwana Othmani kutoka Nyeri, alimpa Theuri wanagenzi wawili awafundishe, naye angewapima mwenyewe na kuchagua mmoja. Wa kwanza alikuwa Gatimu, mkulima aliyechoka kusimama kwenye maji ya mpunga. Wa pili alikuwa Kahiga, mwana wa pekee wa Theuri.

Kahiga alikuwa kijana mtiifu, mpole kupita kiasi, na kichwa chake kilikuwa kizito. Alikuwa ameshafukuzwa kazi huko Gatitu, kisha akafukuzwa Kianyaga pia. Theuri alijua kwamba nafasi hii ikipita, mwanawe hatapata nyingine. Na huyu Gatimu, kwa maswali yake yasiyokwisha, alikuwa njiani kujua kila kitu. Jambo hilo lilimnyima Theuri raha kabisa.

Basi akamlisha uongo. Fyuzi, alimwambia, ni chumba cha stima kulala ikichoka. Waya wa arthi, ule unaoingia udongoni, unapeleka nguvu mashambani ili mpunga uote haraka. Beringi ni za kuongeza uzito, mtambo usije ukaruka. Gatimu alishukuru kwa kila jibu, na siku moja akamletea kuku. Theuri alimla yule kuku kwa shida kidogo, lakini alimla. Kuhusu kitambaa hakuwa na wasiwasi, kwa maana mwanagenzi hakuruhusiwa kugusa swichi, na mtihani ukipita Gatimu angerudi zake shambani.

Nyumbani alimfundisha Kahiga ukweli, jioni baada ya jioni, mpaka ukamkaa kichwani. Mkewe, Warigia, alikata leso yake nyekundu yenye madoa meupe, akashona pindo, akampa kijana kitambaa chake.

"Tundika hii kwanza," Theuri alimwambia mwanawe. "Ikiwa hapo juu, unaweza hata kulala huko chini. Hakuna mtu atakugusa."

Siku ya mtihani Kahiga aliitwa wa kwanza ofisini kwa meneja, Theuri akiwa amekaa pembeni. Alijibu yote bila kubabaika. Bwana Othmani aliridhika, akamtuma akaizibue skrubu iliyokuwa imekwama tangu asubuhi, aone kama mikono inajua yale mdomo unayosema. Wafanyakazi wengine walikuwa wameenda kula. Kahiga alipita mbele ya babake akitabasamu, leso ya mamake ikichungulia mfukoni.

Kisha akaingia Gatimu. Aliulizwa fyuzi ni nini, akajibu kwa sauti safi. Meneja alicheka mpaka akafuta macho. Akaulizwa waya wa arthi, akajibu tena alivyofundishwa. Kwa beringi meneja hakucheka. Aliweka kalamu chini, akataka kujua nani aliyemfundisha mambo hayo.

Theuri aligeukia dirisha. Gatimu alimtazama, kisha akainamisha kichwa.

"Fundi alinifundisha vizuri, bwana," alisema. "Labda ni mimi nimechanganya."

Meneja alimwambia, bila ukali, kwamba heri arudi kwa mpunga wake. Gatimu hakubisha. Aliomba ruhusa tu akachukue koti lake alilokuwa ameliacha kwenye chumba cha mtambo, akatoka.

Bwana Othmani alimimina chai. Theuri aliona aibu kidogo kwa ajili ya yule mtu, lakini furaha iliizidi aibu, ikamjaa kifuani. Kahiga sasa ni fundi. Warigia angelia akisikia.

Mara sakafu ikaanza kutetemeka. Chai ikachezacheza vikombeni, na sauti ya mtambo ikajaa kiwanda kizima.

"Keshamaliza?" Meneja alishangaa. "Kijana wako ana mikono, Theuri."

"Ni damu yangu hiyo," Theuri alisema, na machozi yakamlengalenga.

Mlango ukafunguka. Gatimu alikuwa amevaa koti lake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulikuwa na furaha. Alimkabidhi Theuri kwa mikono miwili kitambaa chekundu chenye madoa meupe, kimekunjwa vizuri.

"Hii moja sikuchanganya, fundi," alisema.