Petroli ya Mjaka

Geji ya hewa na petroli ilipanda mpaka kumi na tano, Fahmi akaachia mafuta ghafla kama aliyekanyaga mkia wa jini. Subaru ikakohoa mara tatu, ikapeperusha karafuu za watu zilizoanikwa kando ya barabara ya Msuka, na mwanamke mmoja akairushia ndara.

"Mwana wa watu hendi hivyo!"

Fahmi hakumsikia. Jana jioni, turbo ikisukuma, geji ilitulia kumi na moja na ushei: petroli ya kutosha, hewa ya kutosha, injini inaimba. Asubuhi hii kumi na tano, yaani hewa tele na petroli kiduchu. Injini ya turbo ikiendeshwa hivyo kwa nguvu, pistoni huyeyuka kama samli juani.

Gari lilikuwa la Danish, mwenye karakana Unguja. Alimpa Fahmi wiki moja autengeneze mchanganyiko huo wa hewa na petroli. Ijumaa angekuja kuliona linakwenda. Likienda sawa, Fahmi anapata kazi Unguja. Lisipokwenda, basi.

Mama yake, Bi Mwanabaraka, alishakonda kwa khofu. Tangu utotoni alimnywesha mwanawe kombe kwa kila jambo: surua, mtihani wa skuli, leseni. Dua ya zafarani kwenye sahani nyeupe, inaoshwa kwa maji, kunywa yote usiteme. Safari hii Fahmi alikisukuma kikombe.

"Mama, mie siumwi. Nna kazi."

"Gari hilo lina upepo mwingi, baba. Litaruka nawe."

"Lina turbo, halina mbawa."

Bi Mwanabaraka hakubishana naye tena, jambo ambalo lingemshtua mtoto mwenye akili.

Kila asubuhi geji ilipanda. Fahmi akaiunganisha kompyuta yake na gari, akaiongezea injini petroli. Ikifika jioni, gari linatoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi, akaipunguza. Asubuhi, kumi na tano tena. Siku ya Jumatano alinyonya petroli kidogo kwa mpira kutoka chini ya tangi, akaitia kwenye gilasi. Petroli ikaelea juu. Chini kikabaki kitu chengine, cha manjano kidogo.

"Maji!" akapiga kelele. "Mama, njoo uone! Mjaka ananiuzia maji, tena ya kisima chenye kutu!"

Bi Mwanabaraka alijitupia kanga akafika dukani kwa Mjaka kabla ya mwanawe. Mjaka alikuwa ametandaza chupa zake za petroli juu ya meza, anapepea nzi.

"Mjaka, hukhofu Mungu? Unataka mwanangu afe?"

"Bi Mwanabaraka, petroli hii hii Mwalim anatia kwenye vespa yake. Mwalim kafa?"

"Bado!"

Watu wakacheka, lakini kuanzia hapo hakuna aliyenunua tena. Hata Mwalim alipita na vespa yake akajifanya anatazama mawingu.

Alkhamisi Fahmi alimwaga tangi zima, akalikausha, akatia petroli ya kituoni Wete. Jioni geji ilikaa kumi na moja na ushei, haitikisiki. Alilala akitabasamu.

Ijumaa baada ya sala Danish alikuja, akasimama kando ya barabara na miwani yake ya jua. Fahmi alikanyaga mafuta. Turbo ikapiga mluzi, geji ikaruka kumi na sita, kisha ukasikika mlio kama sufuria iliyoangukia sakafuni. Gari likaacha njia, likakata migomba miwili, likatulia shambani huku likitoa moshi.

Danish aliinama akatazama injini. "Tundu hili unaweza kutia mkono ukasalimiana na pistoni." Akamgeukia Fahmi. "Nna injini nyengine. Jumatatu italetwa. Ukiiua na hiyo, utakuna nazi hapa hapa Msuka mpaka uzeeke."

Bi Mwanabaraka alikuja mbio, akampapasa mwanawe kichwa, mikono, mbavu. Hakuna hata mkwaruzo. Akainua viganja juu, machozi yakamtoka.

"Alhamdulillahi! Migomba miwili, na mwanangu mzima! Mnaona?"

Injini ililetwa, ikafungwa, petroli mpya ikatiwa. Alfajiri ya Jumanne, Fahmi akiwa bado anakoroma, Bi Mwanabaraka alitoka uani kwa kunyata. Lile kombe la kila alfajiri wiki iliyopita lilifaa, lakini lilikuwa jepesi, ndiyo maana gari lilifika mpaka kwenye migomba. Safari hii aliosha sahani tatu nzima za zafarani, akafungua kifuniko cha tangi, akasoma bismillahi, akaingiza faneli.